Shemeji Ana Kichocho, Nimemtengea Kikombe

Shikamoo Mama Nesi,

Nakuandikia kutoka Nyalenda, hapa Kisumu. Tafadhali usitaje jina langu kwa sababu dada za mume wangu husoma safu yako.

Mimi ni mama wa watoto wawili, msichana wa miaka minane na mvulana wa miaka minne. Mume wangu anaendesha tuktuk, mimi hukaanga samaki na kuuza jioni kando ya barabara. Tunakaa vyumba viwili kwenye ploti ya wapangaji wanane. Choo ni cha shimo, kina milango miwili yenye kufuli, na kila nyumba ina ufunguo wake.

Mwezi wa tatu mdogo wa mume wangu alikuja kutoka Mbita. Huko alikuwa akivua omena usiku kwa taa. Alifika amekonda, tumbo linamsokota, anaendesha choo chenye damu. Mume wangu alimpeleka zahanati, akapimwa choo, wakasema ni kichocho. Akapewa tembe akameza hapo hapo, akaambiwa arudi baada ya wiki kadhaa apimwe tena. Hakurudi, alisema amepata nafuu.

Shida ilianza jirani mmoja aliponivuta kando akaniuliza, kwani hujui kichocho kinaambukiza? Akanisimulia mtu wa kwao aliyekufa nacho, tumbo limejaa maji kama mama mwenye mimba ya miezi tisa. Usiku huo sikulala. Watoto wangu walikuwa wakilala godoro moja na baba yao mdogo pale sebuleni! Asubuhi nilinunua kikombe cha plastiki cha njano na sahani ya njano, nikamwambia hivi ndivyo vyako. Vyombo vyake naviosha mwisho, kwa Jik. Watoto sasa wanalala na sisi, tumebanana. Majirani nao walipopata habari waliitana wakaamua asitumie choo cha ploti. Sikubisha, nilichukua ule ufunguo nikauficha. Kila alfajiri anatoka anaenda zake upande wa mafunjo, huko karibu na mto Auji.

Mume wangu haongei na mimi. Alisema mbele ya watoto kwamba nimemfanya ndugu yake mbwa wa kulia kwenye bati lake. Mama mkwe naye amepiga simu, anasema huo si ugonjwa wa hospitali, ni chira, laana ya kuvunja mwiko, kijana arudi nyumbani mambo yatengenezwe.

Na nilichokiogopa naona kimefika. Msichana analalamika tumbo, tangu Krismasi halijaacha kumsumbua, na mwalimu ananiambia anasinzia darasani. Mvulana kila Jumamosi jioni anajikuna miguu hadi analia. Niliwanunulia dawa ya minyoo, ile ya kutafuna, lakini sioni tofauti. Si kwamba mimi ni mchafu. Maji ya mfereji yakikatika, na hukatika sana, mtungi huuzwa ghali, kwa hivyo Jumamosi tunateremka ziwani, ufuo wa Dunga, na nguo. Watoto naenda nao kwa kuwa sina wa kumwachia. Tunafua tangu saa nne hadi saa nane, jua likiwa kali nguo zikauke, na wanaoga kabisa kabla hatujarudi. Mimi mwenyewe siku hizi nachoka ovyo na tumbo linasokota, lakini hiyo ni kazi tu, kila asubuhi nasimama majini nikitoa samaki magamba.

Niambie ukweli. Kichocho kinapita kwa kikombe, kwa godoro, au kwa choo? Nimwambie shemeji aende? Na wateja wangu wakisikia, nani atanunua samaki tena?

Mama Wawili, Nyalenda

*

Marahaba, Mama Wawili.

Nianze na kikombe kwa sababu ndicho kilicholeta vita. Kirudishe pamoja na vingine. Kichocho hakipiti kwa kikombe, wala sahani, wala godoro, wala mkono, wala jasho. Mama hamwambukizi mtoto kwa kunyonyesha, mke na mume hawaambukizani kitandani. Watoto wangelala na baba yao mdogo miaka kumi na wasikipate kutoka kwake kwa njia hiyo. Jik yako umeimalizia bure.

Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilimhurumia huyo kijana. Mara ya pili nilishika kalamu nikapiga mstari mahali pawili ulipopita mbio: pale anapoelekea mafunjoni kila alfajiri, na pale mnapofua Dunga kila Jumamosi. Ugonjwa uko hapo.

Mnyoo wa kichocho si kama ile minyoo mirefu ambayo mtoto huitoa ukampigia kelele. Huyu haonekani chooni. Anaishi ndani ya mishipa ya damu inayozunguka matumbo, dume na jike. Dume ana urefu wa sentimita moja hivi, amejikunja kwa urefu wake kama jani lililosinyaa, na jike mwembamba amelala ndani ya mkunjo huo. Wakishaingiana hivyo hawaachani, na wanaweza kuishi miaka mitatu, mitano, hata kumi. Kila siku jike anataga mayai, huweza kufika mamia.

Yai lenyewe ninalijua vizuri, na nitakuambia kwa nini. Nikiwa mwanafunzi wa unesi tulifundishwa kupima choo, na kila mmoja wetu aliambiwa alete chake. Kinasuguliwa kwenye wavu mdogo, kinatandazwa juu ya kioo, kinawekwa chini ya darubini. Yai la kwanza la kichocho nililoliona maishani lilikuwa langu. Refu kidogo kama punje ya mchele, rangi ya chai hafifu, na ubavuni lina mwiba mmoja, kama mwiba wa mchongoma. Nimekulia kando ya ziwa hili, nilioga humo tangu nijue kutembea, na siku hiyo nilikuwa nimevaa sare nyeupe iliyopigwa pasi. Kwa hivyo usidhani nakuandikia nikiwa juu ya kiti kirefu.

Mayai hayo hupenya ukuta wa utumbo ili yatoke na choo. Yakipenya yanaacha vidonda, ndiyo damu aliyoiona shemeji yako. Lakini mengi hayatoki. Yanachukuliwa na damu hadi kwenye ini, yanakwama huko, na mwili unapopigana nayo ini linajaa makovu. Damu ikikosa njia ya kupita kwenye ini, tumbo linajaa maji. Hayo huja baada ya miaka mingi bila dawa. Jirani yako hakukudanganya kuhusu yule marehemu, ila hajui alikipatia wapi.

Sasa fuata yai lililotoka. Likianguka kwenye shimo la choo, litaoza humo, habari yake imekwisha. Likianguka mafunjoni na mvua ikalisukuma majini, linaanguliwa. Kinatoka kidudu kinachoogelea, na kina saa chache tu za kutafuta konokono. Si yule wa bustanini anayekula sukuma wiki. Ni konokono wa majini, bapa, aliyejiviringisha kama kamba iliyokunjwa, mdogo kuliko sarafu ya shilingi, anayeshikilia mashina ya mafunjo na mizizi ya gugumaji. Kidudu kisipompata kinakufa kabla ya siku kwisha. Kikimpata kinaingia ndani yake na kuzaana kwa mwezi mmoja au zaidi, kimoja kinakuwa maelfu. Halafu wanatoka wakiwa na sura nyingine, mkia umegawanyika ncha mbili, wakitafuta ngozi ya mtu. Wakiigusa, dakika chache zinatosha kupenya. Mkia unabaki majini, mdudu ameshaingia kwenye damu.

Hakuna njia ya mkato hapo. Mtu hampi mtu moja kwa moja, lazima wapitie kwa konokono. Ndiyo maana nilishtuka kuhusu ufunguo. Hata baada ya kumeza dawa mayai yaliyokuwa njiani huendelea kutoka kwa wiki kadhaa, na shemeji yako hakurudi kupimwa, kwa hivyo hatujui kama alipona kabisa. Mlimfungia choo mkiogopa atawaambukiza, mkampeleka mahali ambapo kinyesi chake kinaweza kufika kwa konokono. Kisha Jumamosi mnateremka na beseni na watoto.

Sikulaumu peke yako. Wapangaji wanane walikaa wakaamua. Lakini wewe ndiye unayejua ulipouficha ufunguo.

Tuje kwa saa mnazokwenda. Wadudu hawa hutoka kwa konokono mwanga ukizidi, na wanakuwa wengi zaidi jua linapokuwa kali, kuelekea saa sita na baada yake. Wewe umechagua saa nne hadi saa nane kwa ajili ya kukausha nguo. Katika siku nzima usingeweza kuchagua vibaya zaidi. Mvulana wa miaka minne hafui, anakaa humo majini hadi kiunoni akicheza na sabuni, na jioni anajikuna. Kuwashwa kunaweza kuwa alama ya wadudu walioingia siku hiyo. Inaweza pia kuwa sabuni au upele wa kawaida, wacha aangaliwe. Ila kwamba ni Jumamosi jioni tu, na ni miguu, hilo linanipa jibu nusu.

Na msichana. Ulisema tumbo lilianza Krismasi. Shemeji alifika lini? Mwezi wa tatu. Tena tangu mdudu aingie kwenye ngozi hadi mayai yaanze kuonekana chooni ni kama wiki tano hadi saba. Kama tumbo hilo ni kichocho, basi alikipata mwaka jana, baba yake mdogo akiwa bado Mbita na taa zake. Kusinzia darasani kunaweza kuletwa na upungufu wa damu, na kichocho kwa mtoto hufanya hivyo. Si uvivu, umwambie mwalimu.

Nawe, mama yao, unayesema ni kazi tu? Nikuulize kama ningemuuliza mtu aliyeketi mbele yangu kliniki: umesimama majini miaka mingapi ukitoa samaki magamba? Hapa Kisumu watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, waliwafuatilia kwa miaka mingi vijana wanaoosha magari ziwani na wale wanaochimba mchanga. Waliwapima, wakawapa dawa, wakapona. Vijana wakarudi kazini, majini, na wengi wao wakaambukizwa tena, wakatibiwa tena, wakaambukizwa tena. Dawa inaua minyoo iliyomo, haijengi ukuta. Kazi yako na yao ni dada na kaka. Na nikiwa hapo, hiyo tuktuk ya mume wako huoshwa wapi?

Kwa hivyo sidhani shemeji ndiye aliyeleta kichocho nyumbani kwako. Inawezekana sana kwamba yeye ndiye wa kwanza tu kupimwa.

Nendeni wote watano. Wengine huniandikia wakiuliza kama bilhazia ni kitu kingine, ni hicho hicho, jina limetoka kwa daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, aliyegundua mnyoo wa kichocho akiwa Cairo mwaka 1851. Na ukimsikia mtu wa Kwale akisema kichocho ni kukojoa damu, naye hakukosea. Huko Pwani kuna aina inayokaa kwenye mishipa ya kibofu. Hii yetu ya ziwani ni ya matumbo, ndiyo maana watataka choo. Wakiwaomba mlete tena siku nyingine msikasirike, mayai hayatoki kwa usawa kila siku. Sehemu nyingine wana kipimo cha mkojo kinachotambua aina hii hii ya matumbo, nacho ni kizuri.

Ile dawa ya kutafuna uliyonunua mara nyingi ni albendazo. Inafanya kazi kwa minyoo ya utumbo, ile mirefu na ya safura. Kwa kichocho ni sawa na kumpa mtoto peremende. Dawa ya kichocho inaitwa prazikwanteli. Ni tembe kubwa, chungu hasa, na kipimo chake hufuata uzito: miligramu 40 kwa kila kilo, kawaida mara moja. Mtu mzima wa kilo 60 anameza tembe nne za miligramu 600. Nakutajia ili ukipewa tembe moja dukani ujue umedanganywa, si ili ujipimie nyumbani. Meza ukiwa umekula, hata uji na ndizi. Tumbo litakoroga, kichwa kitakuwa chepesi, usingizi utakuja. Mume wako asiguse tuktuk siku hiyo wala siku itakayofuata, abiria wa Kondele watapata mwingine. Kama una mimba useme, maana wanaosubiri ni wale wa miezi mitatu ya kwanza, baada ya hapo inaruhusiwa. Ukinyonyesha pia inaruhusiwa.

Mvulana wako usikubali aambiwe ni mdogo mno. Zamani tuliwaacha hawa wadogo, nami nilikuwa mmoja wa walioacha. Tangu 2022 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema watibiwe kuanzia miaka miwili. Sasa kuna hata tembe iliyotengenezwa kwa ajili ya walio chini ya miaka sita, isiyo chungu, inayeyuka majini, na sehemu ya majaribio yake ilifanyika hapa Kenya. Kama kituo chenu hawana hiyo, ile ya kawaida husagwa, ila wasage wao baada ya kumpima uzito. Msichana anaweza kuwa alishapewa shuleni, kwa kuwa mpango wa taifa wa dawa za minyoo umekuwa ukifika shule nyingi za upande huu tangu 2012. Muulize mwalimu ni dawa gani walipewa na lini. Wanaosahaulika ni mtoto ambaye hajaanza shule na mama aliyesimama majini, na wote wawili wako nyumbani kwako.

Shemeji yako arudi hata kama anajisikia simba. Prazikwanteli inaua minyoo iliyokomaa, wale wachanga wa wiki chache wanaponea. Yeye alitoka majini Mbita wiki ile ile aliyomeza dawa. Wachanga wake sasa wameshakuwa wakubwa. Pengine atahitaji kumeza tena, na hiyo haimaanishi dawa ya kwanza ilikuwa mbovu.

Maji ndiyo magumu, na sitajifanya sijui bei ya mtungi mfereji ukikauka. Wadudu hawa hawana mdomo wa kula, wanaishi kwa akiba waliyozaliwa nayo, na siku mbili zikipita wamekufa. Kwa hiyo maji ya ziwa yaliyokaa kwenye pipa lililofunikwa siku mbili kamili, bila konokono wala majani ndani, yanafaa kuogea na kufulia. Wenye mapipa mawili huyapokeza: moja linatumika, lingine limelala. Usidanganyike kwamba ukichota beseni ukasimama nchi kavu uko salama, wadudu wamekuja na beseni. Kama huna siku mbili, chemsha. Mvua nayo inakupa maji yasiyo na konokono. Weka kila ulicho nacho chini ya bati, hata sufuria ya samaki. Ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, kwa sababu ziwa lina kipindupindu na taifodi pia, na hao hawahitaji konokono.

Ikishindikana kabisa na lazima ushuke Dunga, shuka asubuhi mapema, peke yako, na gambuti miguuni, mbali na mafunjo na gugumaji. Inapunguza, haiondoi. Watoto wabaki. Najua umesema huna wa kumwachia. Una shemeji nyumbani, kijana mzima, ambaye watoto wanampenda na ambaye tangu mwezi wa tatu hana cha kufanya ila kuangalia kikombe cha njano.

Kwa magamba, omba wenzako bichini mtengeneze meza, samaki watolewe magamba nchi kavu kwa maji yaliyolazwa. Mkono ulio majini asubuhi nzima ni mlango, hata kama miguu ina gambuti.

Wateja wako hawana cha kuogopa. Mnyoo huyu hakai kwenye mbuta wala ngege wala omena, na hakuna aliyewahi kukipata kwa kula samaki. Ukitaka kuwaambia waambie, usipotaka si siri ya hatari.

Kwa majirani utahitaji uso mkavu kidogo. Waite hao hao walioitana. Waambie mtu mwenye kichocho ndiye anayepaswa kwenda chooni kuliko mtu yeyote kwenye ploti, na atakaye ushahidi aende naye zahanati. Na kwa kuwa mtakuwa mmeketi, ulizeni swali moja ambalo nyumba nyingi za Nyalenda haziulizi: shimo likijaa, wanaolitapisha usiku humwaga wapi? Kama ni kwenye mtaro unaoteremka Auji, basi ploti nzima inakwenda mafunjoni kila mara bila kujua, na mwenye ploti aambiwe.

Mama mkwe usibishane naye kwenye simu. Mtu anayeita jambo chira anaogopa mtoto wake atakufa, na hofu hiyo si ya kijinga. Mwambie mama, tunamaliza dawa ya hospitali kwanza, akishapata nguvu atakuja nyumbani akusalimie. Jambo moja tu usimkubalie: kama kijana atatapika damu, au choo kiwe cheusi kama lami, au tumbo lianze kujaa, siku hiyo anaenda hospitali kubwa usiku huo huo, hapelekwi nyumbani kwanza.

Mume wako atarudi kuongea, ila si kwa sababu yangu. Sidhani unahitaji kuitisha kikao cha kuomba msamaha, wanaume wa nyumba hiyo wataona haya nawe utaona haya. Kesho alfajiri amka kabla ya shemeji yako. Atakapofungua mlango aende zake mafunjoni, mpe ufunguo mkononi. Akiuliza, mwambie ulikosea. Jioni mpakulie kwenye sahani yoyote, umwite watoto wakiwa mezani. Kikombe cha njano kichanganye na vingine, mvulana atakidai mwenyewe.

Majibu ya msichana yakitoka niandikie. Uniandikie na uzito wake, na kama walimpima damu.

Mama Nesi